Fremu ya Jipu la Phulwati

Phulwati Dhurve aliendesha jipu la wazi katika lango la mashariki la hifadhi ya Kanha kwa miaka minne, na kwa mitatu kati ya hiyo, kioo chake cha mbele kilipiga kelele. Kioo chenyewe hakikuwa na neno. Kilichotikisika ni fremu ya chuma, iliyosimama juu ya bawaba mbili bila kushikwa na kitu, maana jipu la kupeleka wageni kutazama chui milia halina paa. Mwendo unaoruhusiwa hifadhini ni kilomita ishirini kwa saa, na ni katika mwendo huohuo fremu ilipoanza: kwanza ilivuma kama nyuki, kisha ikagongagonga mpaka mgeni aliyekaa mbele akaiwekea mkono kama anayembembeleza mtoto.

"Leo pia umekuja na bendi?" Gendlal, dereva mwenzake, alimuuliza karibu kila alfajiri kwenye foleni ya lango.

"Naifanyisha mazoezi ya harusi yako," Phulwati alijibu. "Wapigaji wameanza kuota mvi."

Waongozaji hupangwa kwa zamu, leo gari hili, kesho lile. Dasru peke yake alimwomba ofisa wa hifadhi ampangie jipu la Phulwati siku zote. Ofisa alikubali upesi, kwa kuwa wengine walilikimbia. Dasru alikuwa mtu wa kabila la Wabaiga, wa miaka sitini hivi, aliyezaliwa katika msitu huohuo kabla watu wa kijiji chao hawajahamishwa. Akitazama unyayo vumbini aliweza kukwambia mnyama ni jike au dume, ana haraka au hana, na kama umande ulianguka kabla au baada yake.

Lakini chui milia hutafutwa zaidi kwa masikio. Swala madoadoa akipiga mluzi, kima akikohoa juu ya mti, na hasa sambari, kulungu mkubwa wa huko, akitoa mlio wake mmoja mzito, ujue mwenye msitu anatembea. Hapo ndipo jipu la Phulwati lilipoachwa nyuma. Wageni wa magari mengine walirudi na picha, wa kwake wakarudi na vumbi.

"Kwa kelele hii," Dasru alisema, "hata tembo angenipita. Na ukizima gari, masikio yanaendelea kuvuma nusu saa."

"Nitaitengeneza, baba mdogo."

"Usijisumbue, mwanangu. Gari ni gari."

Alijisumbua. Alichomeka vipande vya tyubu ya baiskeli chini ya fremu, vikadumu siku mbili. Alikaza nati zote, kelele ikahama kutoka kushoto ikaenda kulia. Alikunja gunia akalisokomeza kwenye bawaba, mvumo ukapungua lakini kugonga kukazidi. Mwishowe, Jumatano moja ya Februari, siku ambayo hifadhi hufungwa mchana, alilipeleka jipu kwa fundi Shafiq mjini Baihar.

Shafiq hakuchukua spana. Alipanda, akaweka kiganja juu ya fremu, akamwambia aendeshe kuelekea sokoni.

"Ongeza. Punguza. Hapo hapo, usiache." Alifumba macho. "Nani alikaza hizi nati?"

"Mimi. Mpaka spana ikalia."

"Basi umekaza hewa, dada. Matundu ya bawaba yamelika, yamekuwa kama mayai. Bolti inacheza ndani hata ukikaza mpaka kesho."

Waliporudi alifungua fremu nzima. Aliyaziba matundu kwa kuchomelea, akayatoboa upya na kuyavisha bushi, vipete vya shaba vya kushikia bolti. Chini ya fremu aliweka raba nene aliyokata kwenye mkanda mkuukuu wa kubebea mawe mgodini. Kisha alifunga vyuma viwili, kimoja kila upande, kutoka pembe za juu za fremu kushuka kwenye bodi. Kabla ya kukaza mara ya mwisho aliisukuma fremu kwa bega mpaka raba ikabonyea.

"Kaza sasa, nikiwa nimeegemea. Kitu kilichobanwa hakipati nafasi ya kucheza."

Phulwati alirudi nyumbani akisikia kokoto chini ya matairi na ndege wa kando ya barabara. Alishangaa jinsi njia ile ilivyokuwa na sauti nyingi.

Asubuhi yake wageni walikuwa mwalimu mstaafu kutoka Pune na mkewe. Dasru alikaa mahali pake karibu na dereva. Walipoingia kwenye sali, miti mirefu ya msitu ule, aliigusa fremu kwa vidole, akavitoa.

"Imenyamaza," alisema.

"Imenyamaza, baba mdogo."

Kilomita mbili mbele sambari alilia upande wa kushoto, karibu sana. Phulwati alingoja aambiwe asimame. Dasru alikuwa ameinama kulia akitazama nyayo.

"Twende. Zinaelekea mbele."

Sambari alilia tena.

"Ni sauti gani hiyo?" mke wa mwalimu aliuliza. Dasru hakugeuka.

Phulwati alikanyaga breki na kuzima injini. Mlio wa tatu ulipotoka, mianzi iliachana, chui milia jike akatokea, na nyuma yake watoto wawili. Walivuka njia hatua thelathini mbele ya jipu bila kuharakisha. Lingeendelea kwenda, wangekutana nao uso kwa uso penye kona.

"Ulijuaje, mzee?" mwalimu aliuliza, akimwinamia sikioni.

"Tulisimama tu," Dasru alisema, na uso wake ulikuwa umepauka.

Kwenye kituo cha kupumzikia wageni walikwenda kunywa chai. Dasru alibaki kando ya gari.

"Alilia upande gani?"

"Kushoto. Mara tatu."

"Tatu." Aliliangalia tairi. "Mluzi wa swala ndio ulioniacha kwanza. Halafu kima. Sambari nilikuwa nikimsikia kidogo, upepo ukiwa mzuri. Mwaka huu naona hata yeye ameondoka."

"Ndiyo maana uliomba gari langu."

"Lilikuwa na kelele. Ndani yake hakuna aliyesikia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, zilegeze zile nati. Kidogo tu."

Phulwati alipandwa na hasira. "Nimechekwa miaka mitatu, baba mdogo."

"Najua. Nami nilikuwa nacheka pamoja nao."

"Silegezi. Siku nyati akitoka vichakani nyuma yetu, utawaambia wageni ulizuiwa na kioo?"

Kabla wageni hawajarudi, Phulwati alimwambia Dasru atazame mkono wake kwenye usukani: kidole kimoja ni swala, viwili kima, vitatu sambari, na mkono utaelekea upande wa sauti. Dasru aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa chungu.

Walifanya hivyo mpaka mwanzoni mwa Juni. Phulwati alisikia, mzee alisoma ardhi, na hakuna gari lililoona chui milia wengi kuliko lao. Wageni walimsifu Dasru katika kitabu cha maoni pale langoni. Gendlal aliacha utani wa bendi, akaanza kulifuata jipu lao kwa nyuma. Phulwati hakufurahia sifa zile, wala hakujua azifanyeje.

Halafu aliugua homa siku nne. Siku ya kwanza Dasru alipangiwa jipu la Gendlal. Alivaa sare yake, akafika langoni mapema, akaliacha gari likimsubiri na kuingia ofisini kwa ofisa wa hifadhi. Alimwambia mwenyewe kwamba hasikii, na tangu lini. La vidole hakulitaja.

Phulwati alipopata nafuu alikwenda kwa Dasru na kopo la uji wa kodo, nafaka ya huko. Walikula pamoja.

"Ungeningoja," Phulwati alisema.

Alilazimika kurudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kwa Gendlal nisingeweza," Dasru alisema. "Yeye vidole vyake vyote vinashika simu."

Hospitali ya Balaghat ilimpa kifaa cha sikio. Alikivaa wiki moja, akasema kinamletea mchakacho wa shati lake tu. Ofisa alimpa kazi ya kuwafundisha waongozaji wapya kusoma nyayo, nje ya lango.

Hifadhi ilipofunguliwa tena Oktoba, baada ya msimu wa mvua, Phulwati alipita hapo na wageni sita na mwongozaji mpya. Dasru alikuwa amechuchumaa katikati ya njia, wanafunzi wamemzunguka, akipima unyayo wa fisi kwa kijiti. Hakusikia jipu. Msichana mmoja alimvuta mkono wa shati, naye akasogea pembeni bila kugeuka, akiendelea kuwaeleza jinsi mguu wa nyuma ulivyokanyaga juu ya ule wa mbele.