Asante ya Kokoto

Mkuu wa kitengo alipofika kwenye neno "kusitishwa", mikono ya mkalimani iligoma. Ilibaki imeinuka mbele ya kifua chake, vidole vimetawanyika, kama ya mtu aliyeponyokwa na sinia la vyombo na bado hajaamini. Upande wa pili wa meza, mwanafunzi aliisubiri mikono hiyo bila kupepesa macho.

"Tuko pamoja?" mkuu aliuliza, uso wake ungali kwenye karatasi.

"Tuko pamoja," mkalimani akajibu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ngazi, na mlangoni paliandikwa Huduma Saidizi kwa Wahadhiri na Wanafunzi. Humo ndani kila aliyeachwa njiani na mwili wake alipata pa kushikilia. Kulikuwa na viti viwili vya magurudumu, mashine ya kuchapa maandishi ya nukta kwa wasioona, vipaza sauti vidogo vya wahadhiri waliokaukiwa koo, na kona yenye pazia ambako mshauri nasaha aliwapokea waliolemewa, walimu kwa wanafunzi, akiwapa kiti kile kile na boksi lile lile la karatasi laini. Siku hiyo ya Jumatatu pazia lilikuwa limekunjwa sakafuni. Nusu ya vitu vilikwisha ingia kwenye maboksi, na mashine ya nukta ilibandikwa kipande cha karatasi kilichosema: Ghalani.

Mkuu wa kitengo, mama wa makamo, alisoma kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha lia yake nyumbani. Wafadhili wamejitoa. Huduma ya ukalimani wa lugha ya alama itasitishwa kuanzia Jumatatu ijayo. Mwanafunzi anashauriwa ama aahirishe masomo kwa muda usiojulikana, ama aombe kuhamia chuo cha mji wa pili, ambako wakalimani bado wapo.

"Hapo mwambie asikie vizuri," aliongeza, kisha akajishtukia na kukohoa. "Namaanisha aelewe. Maombi ya kuhama yanafungwa Ijumaa hii, saa kumi jioni. Barua rasmi itafuata, lakini barua zetu unazijua, mwendo wake ni wa kinyonga. Asiisubiri."

Kwa miaka kumi na tisa mkalimani alikuwa ameishika sheria ya kazi yake kama mtu ashikavyo udhu. Mkalimani hana maoni. Hapunguzi, haongezi, hapambi. Akitukanwa mteja, atatafsiri tusi; akiongopewa, atatafsiri uongo. Wanafunzi walimwita Bwana Vidole, naye alilipenda jina hilo kwa kuwa halikumtaja yeye, lilitaja vidole tu. Sasa alikuwa akitakiwa kutangaza kwa vidole hivyo hivyo kufukuzwa kwake mwenyewe, maana mkataba wake ulikuwa ukizikwa pamoja na kitengo. Hilo angeliweza. Mtu mzima huyameza ya kwake. Kilichomshinda ni uso ule ulioelekezwa kwake, uso wa binti wa miaka ishirini na mbili ambaye kwa miaka miwili na nusu hakuwahi kuutilia shaka mkono wake hata mara moja.

Mikono ikashuka kidogo, ikaanza kazi. Ilisema: *Wanapanga upya kitengo. Kutakuwa na usumbufu kidogo. Usiwe na wasiwasi.*

Alijiambia kwamba huo si uongo, ni kuahirisha tu. Angemweleza mwenyewe baadaye, nje, taratibu, mahali penye kivuli.

Binti akatabasamu. Alikuwa mwanafunzi wa jiolojia, na kwa sababu mifuko yake haikukosa mawe, jina lake la alama lilikuwa ngumi ndogo inayotikiswa kando ya nyonga: Kokoto. Aliweka begi chini, akaigeukia meza, na kuzungumza kwa mikono miwili iliyochangamka. Mkalimani akatoa sauti yake, kwa nafsi ya kwanza, kama kazi inavyotaka:

"Nawashukuru sana. Kabla ya hapa nimesoma shule nne, na hakuna hata moja iliyonipa mtu wa kuketi mbele yangu na kuniambia mwalimu anasema nini. Nilikuwa nikinakili ubaoni bila kujua nanakili nini. Hata mkinisumbua kidogo, mimi bahati yangu nimekwisha ipata. Asanteni."

Mkuu wa kitengo alivua miwani.

"Mtoto ana moyo huyu," alisema. "Wengine leo wamenitukania mpaka mama yangu."

Hilo mkalimani hakulitafsiri.

Jumanne ilimkuta na maneno mdomoni, yaani vidoleni, lakini siku hiyo walikuwa na mazoezi ya nje, na Kokoto alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa korongo akihesabu matabaka kwa furaha ya mtu aliyekuta barua za zamani. Jumatano mkalimani alikuwa na mafua. Alhamisi akasema kesho. Kesho yenyewe ikafika, na saa kumi jioni walikuwa maabara. Kokoto alikuwa akikwaruza kipande cha jiwe kwa msumari, maana ugumu wa jiwe hupimwa kwa kile kinachoweza kulikwaruza, na mkalimani alikuwa akitazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha binti. Mshale ukapita. Haukutoa mlio wowote.

"Hili halikwaruziki," Kokoto alimwambia kwa alama waliyoibuni wao wenyewe, kwa kuwa hakuna kamusi iliyokuwa nayo. Walikuwa na alama zaidi ya mia tatu za namna hiyo, za mawe, za nyufa, za joto la chini ya ardhi. Watu wawili tu duniani walizijua.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na vitu vyake vya ofisini kwenye mfuko wa plastiki. Aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, katika vyumba viwili vilivyojaa vitambaa vya mapazia ya watu. Dada alikuwa kiziwi tangu utotoni, na kwake ndiko mkalimani alikojifunza lugha hii kabla hajajua kuandika. Alisimamisha cherehani, akautazama mfuko, akamtazama mdogo wake.

"Mtoto amelichukuliaje?" aliuliza.

Angeweza kumdanganya. Lakini mbele ya dada yake mikono yake haikuwa ya kazi, na ilisema yote kabla hajaipa ruhusa.

Dada hakugombeza. Alichomoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Kisha akauliza, "Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi ulinificha mangapi?"

Mkalimani akainamisha uso. Kwa watu wanaosema kwa mikono, kuinamisha uso ni kuziba masikio, na dada yake alilijua hilo. Alinyoosha mkono akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya zamani akimwosha uso.

Zamani palikuwa na fundi wa redio. Nyumbani walilicheka jambo hilo hadi machozi, dada mwenyewe akiwemo: kiziwi kuchumbiwa na fundi wa redio, si watakaa kimya hadi Kiyama! Lakini fundi alijifunza alama, na alikuwa akija kila Ijumaa na shati lililopigwa pasi. Kisha siku moja akaja shangazi yake fundi peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kwamba ukoo umekaa na umeona hauwezi kumchukua mke asiyesikia mtoto akilia. Mkalimani alikuwa na miaka kumi na tisa. Dada yake alimgeukia, uso umejaa matumaini. Naye akatafsiri: *Anasema kijana amesafiri kikazi. Ataleta habari.* Jioni hii ndipo mikono yake ilipomweleza dada ukweli.

"Nilishona mapazia ya nyumba yake," dada alisema sasa. Mikono yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Miaka miwili. Mapazia ya madirisha manne, nilikuwa nimeyapima kwa macho. Ungeniambia siku ile, ningelia wiki moja, nikaamka."

"Nilikuonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana sikuwahi kukushuku."

Akarudi kwenye cherehani. Mkalimani alikaa pale akitazama mgongo wake ukitikisika na mashine, bila kujua kama ni mashine tu.

Jumatatu hakuwa tena mfanyakazi wa chuo, lakini mlinzi wa getini alimpungia mkono kama kawaida. Kokoto alikuwa ukumbini mapema, safu ya mbele, amekwisha mwekea kiti chake mahali pake, kikimkabili, na daftari limefunguliwa ukurasa mpya. Mkalimani hakuketi. Alimweleza akiwa wima, bila kupamba: kitengo kimefungwa, mkalimani hayupo tena, chuo cha mji wa pili kilikuwepo, na tarehe yake.

"Ijumaa ipi?" Kokoto aliuliza.

"Iliyopita."

"Tulikuwa maabara."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaitazama saa. Nilidhani umechoka."

Wanafunzi walikuwa wakiingia, wakiburuta viti, wakicheka mambo yao. Mmoja alisema kwa sauti, "Bwana Vidole, shikamoo!" naye akaitikia marahaba kwa mazoea. Kisha mikono ya Kokoto ikanyanyuka tena, polepole sana.

"Asante yangu. Uliwafikishia?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Neno kwa neno."

"Basi siku ile hiyo ndiyo pekee uliyoitafsiri sawasawa."

Mhadhiri aliingia, akaupa ukumbi mgongo, akaanza kusema na ubao kama ilivyokuwa desturi yake. Kokoto alimtazama mgongoni kwa dakika kadhaa, macho yakiwinda mdomo usioonekana. Hatimaye akafunga daftari, akanyanyuka, akashuka ngazi. Mkalimani alimfuata kwa mbali kama mtu anayefuata jeneza lisilomhusu rasmi. Mbele ya mlango wa kitengo binti aligeuka, akamwekea kiganja kifuani, akamsukuma kidogo tu. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Mkalimani alikaa kwenye benchi la koridoni, nje ya mlango. Ghafla akasikia mlio, akadhani mle ndani wanaburuta boksi. Ukaja tena, mrefu zaidi, ukipanda pale ambapo ungetarajiwa kushuka. Ilimchukua muda kutambua kuwa ni sauti ya mtu, na muda zaidi kutambua ni ya nani. Miaka miwili na nusu aliyasema maneno ya Kokoto kwa koo lake mwenyewe, sauti nzito ya mwanamume wa miaka arobaini na kitu, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza sauti ya binti mwenyewe ikoje. Ilikuwa nyembamba na kali, isiyolimwa, ikigonga huku na huku kama inatafuta mlango. Alitega sikio. Alidhani amesikia *Ijumaa*. Alidhani amesikia *mimi*. Labda aliyatia yeye.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mkuu wa kitengo alitokeza, miwani mkononi.

"Afadhali upo! Njoo utuambie anasema nini."

Nyuma yake Kokoto alisimama katikati ya maboksi, machozi yakimtiririka, wala hakunyamaza. Hakumtazama mkalimani.

"Sijui," mkalimani alisema.

"Hujui vipi? Si wewe ndiye mkalimani wake?"

"Nilikuwa."

Mkuu wa kitengo alibaki kizingitini, harudi ndani wala hatoki. Sauti ikampita ubavuni, ikashika korido ndefu ya ofisi, na huko mbele milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine. Watu walichungulia, mmoja na kalamu, mwingine na kikombe, wakitazamana, wakiulizana ni nani.