Utamu wa Pili Kwenye Skafu

Pua yangu ndiyo inayonilisha, kwa hiyo sipendi mtu aichezee. Kazini wananiita Pua, hata bosi, na sijawahi kununa. Kiwanda chetu kinatengeneza manukato, na hakuna chupa inayotoka pale kabla sijaitolea neno: imepita au imefeli.

Safari hii tulikuwa na manukato ya wanaume ya jioni za baridi. Matamu. Vanila, asali, mdalasini kidogo, na tumbaku kavu kwa mbali ili mtu asinukie kama keki ya harusi. Bosi alitaka mwanamume akitoka na koti lake, baridi inamng'ata masikio, watu wamsogelee wenyewe bila kuitwa. Ni maneno ya bosi hayo. Yeye mwenyewe sijaona anayemsogelea.

Manukato ya baridi hayahukumiwi kwenye kijikaratasi. Karatasi haina damu wala jasho. Unamtafuta mwanamume mzima, unamvalisha sweta, unampulizia shingoni, unamfunga skafu, unamtoa nje atembee mpaka kamasi zimchuruzike. Akirudi ndani unafungua skafu, unanusa. Na mwanamume wangu wa kupimia, tangu nianze kazi hii, ni mume wangu. Ni fundi wa friji, kutwa mikono iko kwenye barafu za watu, lakini shingo yake ina joto la jikoni. Vanila ikikaa pale inaiva.

Mwaka juzi alilazwa kwa ajili ya ini. Alitoka amekonda kama mpini wa ufagio, lakini alitoka, na tangu hapo neno ini halitamkwi nyumbani kwetu. Tukavuka salama. Ndivyo nilivyojiambia.

Kwa vitu vitamu alikuwa mbishi kweli. Kila nikimletea alilalamika, "Mama, mimi na mvi zangu unanipaka jamu?" Lakini hii alipoijaribu mara ya kwanza alifumba macho, akasema, "Hii hapa. Hii usiifelishe, tafadhali." Kesho yake asubuhi nikamkuta anajipulizia tena, shingoni, kifuani, hadi kwenye ndevu.

"We bwana, unakwenda kutengeneza friji au unakwenda kuposa?"

Akacheka. "Ikipita niletee chupa. Ile kubwa, si ile ndogo."

Nikavimba kichwa. Mume wangu kupenda kitu nilichokihukumu mimi! Kazini nilimsimulia kila aliyenipa sikio, na wengine ambao hawakunipa.

Ikafika jioni ya kupima rasmi. Nikampulizia mwenyewe shingoni, kipimo kamili, nikamfunga skafu safi, akazunguka mtaa. Akarudi anahema, macho mekundu kwa upepo. Nikafungua skafu, nikasogeza pua. Vanila ipo. Tumbaku ipo. Na chini yake kuna utamu mwingine, mzito, wenye uvundo kidogo, kama tunda lililosahauliwa ndani ya mkoba.

"Vipi?" akauliza, haraka mno.

"Tone ametuharibia kazi. Kuna kitu kaongeza humu."

Tone ni mzee wetu wa kuchanganya, tunamwita hivyo kwa sababu ya kuhesabu matone. Mume wangu akashusha pumzi. "Labda asali yake imechacha," akasema. "Mwambie abadilishe asali." Akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.

Asubuhi nikaingia chumba cha kuchanganyia moto unaniwaka. Nikaitupa ile skafu mezani kwa Tone.

"Mzee, umetia nini humu? Na usinizungushe."

"Dada yangu, sijatia kitu. Ni vilevile tulivyokubaliana."

"Kwa hiyo mimi nimeota?"

Ni mtu wa maneno machache, na jambo hilo hunikera kuliko matusi. Akajipulizia shingoni, akajifunga skafu yake, akatoka kusimama uani kwenye baridi bila kofia, na kipara chake kile. Aliporudi akaniinamia, na mimi nikanusa.

Jamani, ilikuwa nzuri. Asali safi, vanila imetulia, tumbaku inakuja mwisho taratibu. Uvundo hakuna. Nikanusa tena, nikamvuta mzee wa watu shati kama namkagua mwizi. Hakuna.

Tone akaishika skafu ya mume wangu, akainusa upande wa nyuma, kisha wa mbele. "Huku mbele ulipulizia?"

"Hapana. Huko ndiko anakofunika mdomo."

Akanirudishia, akageuka kupanga chupa zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nikainusa pale mbele. Manukato hayakuwepo hata chembe. Ule utamu ulikuwepo, peke yake, umejaa.

Hapo nikaukumbuka. Wodini, mwaka juzi, kitanda cha jirani, kulikuwa na jamaa mmoja mwenye macho ya manjano. Nilimnong'oneza mume wangu, "Huyu mwenzako ananukia tunda bovu," kisha nikatoka nje kulia bila kujua ninalilia nini. Wiki haikuisha, kitanda kile kikatandikwa shuka mpya. Nikakaa juu ya kreti la chupa, na Tone akaniletea maji.

Nilipofika nyumbani nilimkuta kwenye kochi, sweta mwilini, amejimwagia manukato mpaka sebule nzima inawasha. Ananisubiri nimpime.

"Fungua mdomo," nikasema.

"Eh?"

"Pumua. Hapa, usoni kwangu."

Hakupumua. Akanitazama. "Tone amesemaje?"

"Asali yake haina tatizo."

Akaanza kuvua sweta polepole. Wakati huo nikaona jinsi mikono ilivyokonda na tumbo lilivyojaa, vitu ambavyo kipofu angeviona.

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda. Na dada."

"Na wifi! Wifi anajua, fundi mwenzako anajua, paka wa jirani anajua, mimi ninayelipwa kunusa ndiye sijui!" Nilipiga kelele, na wala sikuona haya. "Ndiyo maana ya kujimwagia kila siku? Ndiyo maana ya usiifelishe?"

"Ni wewe niliyekuwa nakukimbia," akasema. "Yule wa kitanda cha jirani ulimnusa mara moja tu, ukatoka mbio. Sikutaka utoke mbio kila nikikusogelea. Hii ilikuwa inafunika vizuri, mama. Kwa muda."

Hasira ikaniisha yote, ikabaki hofu tupu.

"Daktari amesemaje?"

Akakunja sweta, akaliweka juu ya goti. "Amesema nile ninachopenda."

Nikakaa sakafuni na koti langu, nikalia kwa sauti, na yeye akawa ananipapasa kichwa kama mgonjwa ni mimi.

Wiki iliyofuata bosi akaniita. Pafyumu ipite au isipite? Nikamwambia imepita, kwa sababu imepita. Nilikwishainusa shingoni kwa Tone, na kazi ni kazi. Bosi akafurahi, akafungua kabati, akaniambia nijichagulie zawadi, kubwa au ndogo. Ile kubwa mtu anaitumia misimu miwili ya baridi asipojimwagia hovyo. Nikachukua kubwa.

Mume wangu alikuwa kitandani. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa kidogo kuona ilivyojaa.

"Ungechukua ile ndogo," akasema.

Nikamwambia aache maneno mengi, anyooshe shingo.