Ngwe ya Kwanza, Siku ya Ukungu

Ngwe yangu ilikuwa ya mwisho, chini kabisa kwenye maji, na kijiji kizima kilinicheka kwamba napanda ngano navuna bata. Mashamba yetu ni matatu: moja la ngano, moja la maharagwe, moja limelala, na kila mwaka yanapokezana zamu. Lakini mpangilio wa ngwe, vile vipande tulivyogawiwa katika kila shamba, haubadiliki. Odo msimamizi ni wa kwanza, juu, penye samadi ya kondoo. Wanafuata wengine, halafu Wymond, mdogo wake Odo, kisha mimi Hawise, mjane, pamoja na vyura.

Mwaka ule Odo alinionya mapema. Nikikosa ngano tena, ardhi yangu itarudi kwa bwana mwenye ardhi ya kijiji, na sote tulijua bwana angempa nani. Nilikuwa nimemwomba Odo watu wa kunichimbia mtaro hadi nikachoka. Jibu lake lilikuwa lilelile: maji ya ngwe ni shauri la mwenye ngwe.

Asubuhi ya kupanda, ngwe zote zikiwa zimekwisha kulimwa, ukungu ukashuka mzito, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Watu wakataka kungoja. Odo akasema shamba hili analijua hata akifumba macho, akatangulia na kikapu chake cha mbegu. Kweli hapakuwa na haja ya kuona, maana sisi hatuhesabu ngwe. Kila mtu hujipanga baada ya jirani yake. Aliyefuata alimsikia Odo akikohoa, akajua yuko wapi, na aliyemfuata huyo hivyohivyo, mpaka chini.

Mimi nilichelewa. Nani anakimbilia matope? Nilipofika kwangu nikamkuta Wymond anarusha mbegu, viatu vimejaa maji, anailaani mvua ya jana.

Nikafungua mdomo nimtukane, nikaufunga. Kama Wymond yuko kwangu, nani yuko kwake? Nikapanda mteremko nikinyata, nikisikia kikohozi cha huyu na chafya ya yule, na kila mmoja alikuwa kwa jirani yake wa chini. Mpaka juu kabisa. Odo alikuwa ameipita ngwe yake mwenyewe, nayo ilikuwa pale, nyeusi, laini, haina hata punje.

Sijui kama mmewahi kupanda ngano huku mnacheka bila kutoa sauti. Mbavu zinauma. Nilirusha kulia, nikarusha kushoto, nikacheza kidogo, nikarusha tena, nikaburuta tawi la miiba kufukia mbegu. Ukungu ulipoinuka nilikuwa nimeketi ukingoni nakula jibini.

Odo akaja mbio na kikapu kitupu.

"We mama, unafanya nini kwangu?"

"Nimepanda, msimamizi. Kule chini nimekosa nafasi, nikaona nianze tena juu."

Jumapili, nje ya mlango wa kanisa, alidai ngwe yake. Shida ni kwamba sheria ya kijiji inasema aliyepanda ndiye avunaye, na aliyeishikilia kuliko wote ni yeye, zamani, mbegu zake za shayiri zilipoangukia kwenye ardhi ya mjomba wake naye akazivuna. Watu wakamuuliza, kwa adabu sana, kama siku hiyo alikuwa amefumba macho.

Mvua za baridi zikaja, na ngano ya Wymond ikaanza kuogelea. Kila asubuhi nilimpitia.

"Bata hawajambo, jirani?"

Wymond akamlilia kaka yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: Odo akawatoa watu wote na majembe, wakachimba mtaro mrefu hadi mtoni. Niliwapelekea bia mwenyewe, kwa upendo kabisa.

Nilivuna ngano yangu ya kule juu nikaibusu, na ardhi yangu haikunitoka. Mwaka uliofuata shamba likapata maharagwe, na kila mtu akarudi kwenye ngwe yake. Mwaka wa pili likalala. Zamu ya ngano ilipolirudia, niliteremka kwangu na kikapu. Udongo ulikuwa mkavu, unavunjika mkononi kama mkate. Nililia, sioni haya kusema.

Palikuwa na ukungu kidogo. Huko juu Odo alikuwa hajarusha hata punje moja. Alisimama ameikanyaga ngwe ya kwanza kwa miguu yote miwili, anauliza kwa sauti kama hapo ni kwake.

"Ni kwako, msimamizi," nikamwitikia kutoka chini. "Panda tu, tunakusubiri."