Hamu ya Saa Nne na Nusu

Wenzake walimwita Balozi, na jina lenyewe hakulipata bure. Katika chuo kizima cha uuguzi ni yeye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya kupinga tumbaku. Kila Jumatatu alisimama mbele ya wagonjwa wa nje na picha yake ya mapafu, moja la rangi ya waridi, jingine jeusi kama tako la sufuria, akazungumza mpaka wazee wazima wakatoa pakiti mifukoni na kuzitupa kwa mikono yao. Mganga hajigangi, wahenga walishasema, lakini huyu alipitiliza. Kila siku saa nne, wenzake walipokwenda kunywa chai, Balozi alikwenda kuvuta sigara.

Alianza mwaka wa pili, siku alipofiwa na mgonjwa wa kwanza. Mwenzake mmoja alimpa moja ya kutuliza moyo, na moja ikazaa ya pili, mpaka ikawa mazoea. Msidhani hakujua. Maradhi yote ya tumbaku angeweza kukuhesabia kwa vidole, na baada ya mkono wa kwanza angeomba kuazima wako. Kujua ni jambo moja na kuacha ni jingine, na katikati yake ndipo alipokuwa akiishi na siri yake.

Kujificha alikuwa fundi. Kulikuwa na bafu mwisho wa wodi ya upasuaji ya wanaume, bomba lake la mvua lilikufa zamani, na dirisha lilitazama ukuta wa chumba cha kufulia. Humo alivua koti, akavaa glovu mkono wa kulia ili vidole visinuke, akavuta haraka haraka kama anayekunywa dawa chungu. Akimaliza, aliivua glovu kwa kuigeuza nje ndani, kipande cha sigara kikabaki humo tumboni, akakifunga na kwenda kukitupa mbali. Kisha sabuni, kisha karafuu mbili mdomoni. Saa nne na nusu alikuwa tayari amesimama kando ya kitanda cha kumi na moja, kalamu mkononi, anauliza habari za asubuhi.

Katika kitanda cha kumi na moja alilala fundi cherehani mmoja wa umri wa babu. Miaka arobaini alivuta sigara huku akishona, na sasa mshipa wa mguu wake wa kulia ulikuwa umeziba, na kidonda cha kidole gumba kilikataa kupona. Daktari bingwa alimwambia bila kuzunguka: mshipa unaweza kufunguliwa, lakini si kwa mtu anayevuta. Kaa siku ishirini na nane bila sigara hata moja, nikufanyie upasuaji. Ukivuta, jina lako linatoka kwenye orodha, na kitakachofuata ni kuukata mguu. Na cherehani ya mzee ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu.

Hospitali ile haikuwa na kipimo cha kuonyesha nani amevuta na nani hajavuta. Kipimo kilikuwa neno la mshauri wa mgonjwa, na mshauri wa mzee alikuwa Balozi. Kila siku alijaza karatasi iliyobandikwa kwenye kabati la mgonjwa: siku ya ngapi, hamu imekuja saa ngapi, imekaa muda gani, kisha akatia sahihi.

"Haya mzee, leo ya ishirini na tatu. Hamu ilikuja?"

"Ilikuja? Imefika sasa hivi, mwanangu, haijakaa hata kitako." Mzee alitafuna kipande cha uzi mweupe, ndicho alichojipa badala ya sigara. "Usiku nalala vizuri. Alfajiri nipo salama. Ukifika tu wewe, inanipanda mpaka hapa kooni."

"Ni kawaida, baba. Asubuhi ndipo mwili unapodai."

"Basi mwili wangu una saa ya ukutani."

Wakacheka wote wawili. Balozi akaandika: hamu, saa nne na nusu. Kila siku aliandika hivyo hivyo, na hata alifikiria kulitaja jambo hilo darasani kama mfano mzuri.

Siku ya ishirini na nne alikuwa dirishani, sigara imefika nusu, aliposikia ndoo ikiburutwa kuja upande ule.  Akaizima, akavua glovu kwa mkupuo mmoja, akaisokomeza nyuma ya bomba na kutoka. Alijiambia atairudia baadaye. Lakini siku hiyo hakupata nafasi hata ya kufika kitanda cha kumi na moja, na saa tano madaktari walianza kupita vitandani, na walipofika kitanda cha kumi na moja, mama wa usafi akasimama na ufagio wake mbele ya watu wote.

"Daktari, samahani. Kuna mtu anavuta sigara bafuni. Harufu ya moshi bado imo mle mle."

"Umemwona nani?"

Mama wa usafi alisita. "Kuvuta sijamwona mtu. Niliyempita akitoka upande huo ni huyu mzee."

"Nilikwenda kunawa uso!" Mzee aliinuka kwenye mito. "Daktari, naapa, mdomo wangu una uzi tu." Akautoa uzi wenyewe, umelowa mate, akauonyesha. Mmoja wa wanafunzi akaficha kicheko. "Muulize huyu mwanangu. Yeye ndiye anayenijua, siku zote hizi yuko na mimi."

Daktari bingwa akageuka. "Wewe ndiye mshauri wake. Sahihi ni zako. Unasemaje?"

Hapo ndipo penyewe. Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Balozi aliyaona maneno hayo, akayaona pia mahafali ya mwezi ujao, mama yake amekwisha nunua nguo, picha yake ukutani chuoni chini ya maandishi makubwa ya klabu. 

"Sina uhakika, daktari," alisema.

 Daktari bingwa alifungua faili, akalikata jina la mzee kwa mstari mmoja, akaenda kitanda cha kumi na mbili. Sista mkuu wa wodi, mwanamke mfupi wa maneno machache, alibaki nyuma kidogo akimtazama Balozi, halafu akaelekea bafuni.

Balozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, maana ardhi nayo ina kazi zake. Ikabidi abaki kubadilisha bandeji ya mguu ule ule.

"Usijitese, mwanangu," mzee alimwambia taratibu, macho yake darini. "Umesema usichokijua hukijui. Mvutaji wa miaka arobaini, nani atamwamini? Hata mimi ningekuwa wewe ningesita." Akaupapasa mguu. "Wakishaukata, sijui kama cherehani inakanyagika kwa mguu mmoja. Nitajaribu."

Afadhali angemtukana. Tusi lingemsaidia, lingempa pa kushika. Balozi aliifunga bandeji vibaya, akaifungua, akaifunga tena, na mzee akamwomba radhi kwa kumsumbua.

Saa saba sista mkuu aliwaita wanafunzi wote watano katika chumba cha kufungia vidonda. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la chuma, na ndani yake glovu moja iliyogeuzwa nje ndani. Aliifungua kwa koleo. Kipande cha sigara kikadondoka ndani ya bakuli.

"Wagonjwa nimewauguza miaka ishirini na sita," alisema. "Mgonjwa akivaa glovu, huivua kwa kuvuta vidole, kimoja kimoja, kama anayemenya muhogo. Hii imekamatwa kwenye kifundo, ikageuzwa, uchafu umebaki ndani, nje safi. Aliyeivua nilimfundisha mimi mwenyewe, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Na alifundishika."

 Sista hakumtazama yeyote, na hilo ndilo lililomchoma Balozi zaidi, kwamba alikuwa anamwachia nafasi.

"Saa nane naipeleka kwa daktari bingwa. Ningefurahi nisiende peke yangu."

Wenzake walitoka wakitazamana. Balozi alibaki. Alitaka kusema neno la maana, la mtu mzima, lakini lililotoka ni, "Sista, naomba nibebe bakuli." Akampa. Wakaenda, yeye mbele na sigara yake ndani ya chuma, akipita korido ambayo kila ukuta ulikuwa na tangazo lililochorwa na klabu yake.

Daktari bingwa alimsikiliza amesimama. Alirudisha jina la mzee kwenye orodha hapo hapo. "Barua kwa mkuu wa chuo utaiandika leo, kwa mkono wako," alisema. "Mahafali sahau. Lakini kwanza nenda kamwambie yeye."

Njia kutoka ofisini mpaka kitanda cha kumi na moja ni hatua sitini, na Balozi aliziona zote. Alimweleza mzee kila kitu, bafu, glovu, saa nne, karafuu. Hakujitetea, kwa sababu kila utetezi aliouandaa ulinuka. Alimalizia kwa kumwambia kwamba upasuaji upo pale pale.

Mzee hakufurahi wala hakufoka. 

"Nisomee hiyo karatasi," alisema. "Ule mstari wa hamu."

Balozi aliibandua, akasoma. "Saa nne na nusu. Saa nne na nusu. Saa nne na nusu..."

"Saa nyingine?"

"Hakuna, baba."

Mzee alitoa uzi mdomoni, akauweka juu ya shuka.

"Nilikuwa naisikia kwako, ile harufu. Kila siku ukiniinamia. Nikasema pua yangu ndiyo imeharibika, miaka arobaini ya uchafu, sasa namnusia sigara mtoto wa watu aliyekuja kuniponya. Niliona haya hata kukwambia. Siku ishirini na tatu nimeona haya mbele yako, mwanangu, na haya hiyo haikuwa yangu."

 Machozi yalimjia Balozi, akayaonea aibu nayo, maana hata kulia alihisi hana haki.

"Kalamu iache hapa," mzee alisema.

Akaiacha. Mzee alivaa miwani yake ya kazini, akaipokea karatasi, akailaza juu ya goti la mguu wake mzima. Kwenye siku ya ishirini na nne, pale pa kuandika hamu, alichora sufuri. Kisha, pale pa sahihi ya mshauri, akaandika jina lake mwenyewe, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo tu.