Cheti Chenye Rangi Mbili

...kwamba wino haujiamulii rangi, karatasi ndiyo inayouamulia, hivyo ndivyo nilivyomwambia binti wa watu mwezi uliopita, tena kwa ile sauti yangu ya kufundishia, miwani imeshukia puani, na leo dada wa masjala ya chuo amesimama mbele ya meza yangu na cheti kile kile, amekishika kwa ncha za vidole, ananiuliza kwa upole, "Mzee, jina na tarehe uliandika kwa wino mmoja?", na mimi kalamu iko hewani, nibu imebakiza kidogo tu iguse cheti cha mtu mwingine, na binti mwenyewe namwona mlangoni nyuma yake, kavaa viatu vyeupe vya uuguzi, viatu vya kazi ambayo bado hajapewa, amenipa shikamoo nikaitikia marahaba bila kumtazama usoni... jibu basi, mzee mzima wewe, swali lenyewe ni la ndiyo au hapana, hospitali wamemwambia jina lina rangi moja na tarehe ina rangi nyingine, kwa hiyo kuna mkono wa pili umepita hapo, cheti cha kughushi, na nafasi yake wamemshikia mpaka leo saa kumi, leo, na saa ya ukutani inasema saa sita na dakika kadhaa, ngapi sijui, mshale wa dakika siku hizi unanikwepa, nawaambia watu kioo kimeingia vumbi.

Na si kwamba nilimdanganya, hapana, nilichosema ni kweli tupu, muulize yeyote aliyewahi kushika kalamu ya wino, chukua kichupa kimoja cha bluu, andika kwenye karatasi ya daftari la shule, wino unazama, unapauka, unaota vijimizizi pembeni mwa kila herufi, andika kwenye karatasi nene ya vyeti, ile laini, wino unakaa juu, hauna haraka ya kukauka, unakolea mpaka ukiinamisha karatasi dirishani unaona wekundu umetambaa kwenye kingo, wekundu kutoka kwenye bluu, na kwenye karatasi ya rangi ya maziwa bluu ile ile inaelekea kijani, na kwenye bahasha ya kaki inakuwa nyeusi iliyochoka, kichupa kimoja, mkono mmoja, miaka thelathini na moja ndani ya chumba hiki nimewaeleza wakuu wanne wa chuo na wote wametikisa kichwa kama wameelewa, na wanafunzi wakinisikia tu wanakonyezana, Bwana Wino kaanza, kimbieni... hata mke wangu nusura nimkose kwa ajili ya karatasi, maana enzi za kumchumbia nilimwandikia barua tatu, ya kwanza kwenye karatasi ya daftari kwa sababu sikuwa na nyingine, ya pili kwenye karatasi ya ofisi niliyoichomoa humu humu, ya tatu kwenye karatasi ya kung'aa niliyoitafuta mji mzima ili nionekane mtu, na yeye na dada yake wakazipanga kitandani zote tatu, bluu tatu tofauti, wakakata shauri kwamba huyu bwana anaandikiwa na watu, hana lake, na ikanibidi nibebe kichupa na kalamu na karatasi zangu mpaka sebuleni kwao, nikae mbele ya shemeji mwenye ulimi mkali, niandike nakupenda mara tatu, zikatoka bluu tatu, mama mkwe akajifanya anatafuta kitu kabatini, shemeji akasema haya, tumeona, funga kichupa chako kabla hujatuchafulia kitambaa. Nilikuwa na macho wakati ule, bluu tatu zile ningezitenganisha hata kwa mwanga wa kibatari.

"Mzee, unanisikia?" Nakusikia, mwanangu, nakusikia sana, namwonyesha kiganja asubiri, najitia kufuta nibu kwa kitambaa wakati nibu haina uchafu... lakini jina na tarehe viko kwenye karatasi moja, hapo ndipo elimu yangu yote inapogonga ukuta, karatasi moja, hakuna nyingine ya kusingizia, na siku ile nilikiona hicho kikwazo, nilikiona vizuri kuliko nilivyouona wino, ndipo nikamshika binti mkono nikaugeuza kiganja juu nikamwambia ni mafuta, ulipokuwa unahakiki jina lako ulikishika hapa chini kabla sijajaza tarehe, mafuta ya vidole vyako yakauzuia wino kukaa, ndiyo maana umegeuka rangi, nenda kawaeleze hivyo hivyo watakuelewa, na yeye akavitazama vile vidole kana kwamba ni vya mtu mwingine, akasema asante babu. Asante. Nimemsukumia mzigo wangu akasema asante, na nikaenda kunywa chai, na chai ikapita. Sasa nani atakayeamini kwamba sikuwa na nia mbaya, mimi mwenyewe siamini, nilikuwa na nia moja tu, aondoke mbele yangu na hicho kikaratasi chake, kwa sababu ilivyokuwa naijua, jina naliandika mapema kwa bluu, tarehe naijaza siku mwenyewe anapokuja kuchukua, na pembeni ya kichupa cha bluu kipo cha nyeusi, cha daftari la kumbukumbu, umbo moja, kifuniko kimoja, na karatasi za kubandika zilishabanduka zamani, sikuzihitaji, nilikuwa nikidondosha tone moja tu kwenye kipande cha karatasi najua huyu ni nani, na siku hizi matone yote mawili ni meusi yenye ukungu wa chai ya rangi, nayatazama, nayainamisha dirishani, natafuta ule wekundu wa kingoni, sioni wekundu, naona dirisha tu. Na alasiri aliyochukua chake nilijaza vyeti arobaini na tatu. Wako wapi wengine saa hizi, wamesimama mbele ya meza ya nani, wanaulizwa nini, nani amewaambia waoshe mikono.

Mke wangu ndiye aliyeanza kugundua, kwenye soksi, mume wangu leo mguu mmoja unakwenda msibani na mwingine unakwenda harusini, nikamjibu huo ndio mtindo, huna habari, akacheka, lakini tangu siku hiyo soksi zangu nazikuta zimefungwa fundo mbili mbili, kila jozi, hajasema neno na mimi sijauliza, tumekaa hivyo miezi sita, yeye anafunga, mimi nafungua... na ninachoumwa nakijua kwa jina, kaka yangu alikuwa nacho, mtoto wa jicho, alikaa nacho miaka akikataa kwenda hospitali mpaka akawa anashikwa mkono kwenda chooni, na alipopelekwa daktari alimwambia mzee ungekuja mapema, kazi yenyewe ni ya nusu saa, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kisu, siogopi kisu, namwogopa mkuu wa chuo, aliyesema kwenye kikao, akinitazama kirafiki kabisa, kwamba siku Bwana Wino akipumzika tutaleta mashine ya kuchapa majina, na watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, na usiku nikamwambia mke wangu mashine, eti mashine, itajua nini kuhusu karatasi... haitajua lolote, ndiyo, lakini itaandika jina na tarehe kwa rangi moja, na hilo ndilo linaloniuma, mashine isiyojua lolote ingemfaa huyu binti kuliko mimi ninayejua yote.

Dada wa masjala anainama mezani, anashusha sauti, ninasikia harufu ya sabuni kwenye kilemba chake, "Nimewapigia simu wenzake wawili waliochukua vyeti siku ile. Vyao navyo viko hivi hivi. Mkuu sijamwambia, nimekuja kwako kwanza," na hapo angesema kwa ukali ningepata pa kukasirikia, ningemuuliza tangu lini masjala wanafundisha wino, lakini amesema kama mtu anayekufungia kifungo cha shati kabla hujatoka nje, na mimi, Mungu anisamehe, ulimi wangu tayari unalo jibu, limeiva, unyevu, mwanangu, rimu za mwaka huu zilikaa stoo wakati wa mvua, karatasi ikishanyonya unyevu kipande cha chini hakinywi wino sawa na cha juu, jambo linalojulikana, na lingepita, najua lingepita, ningeliandika kwenye barua yenye mhuri, kwa mwandiko mzuri, na nani hospitali atabishana na Bwana Wino juu ya unyevu, nafumbua mdomo, ndiyo kwanza nimevuta pumzi, na mlangoni binti anasema, "Babu, samahani kuwaingilia. Labda ni mimi kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimepaka losheni mikononi, nimekumbuka. Kama itasaidia, andika tu kwamba mimi ndiye niliyekiharibu."

Losheni. Ametembea na jambo hilo mwezi mzima, amelala nalo na kuamka nalo, amerudi nyuma siku kwa siku kutafuta kosa lake mpaka amelipata, amejitafutia hatia mwenyewe ili maneno yangu yawe kweli, na sasa namtazama kwa mara ya kwanza, uso siupati vizuri, mlango una mwanga mkali nyuma yake, lakini mikono naiona, ameikunja kifuani, vidole amevificha kwapani kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya watu, mikono ya kwenda kushika wagonjwa hiyo, na kuna aibu nimewahi kuona maishani mwangu, niliwahi kuanguka na trei ya vikombe mbele ya mgeni rasmi, niliwahi kukosea jina la mtoto wa mkuu, lakini hii inanipanda kutoka miguuni, moto, mpaka masikioni, na ajabu yake ni kwamba nyuma yake kuna kitu kama nafuu, kama ukishatapika. Mkuu alete mashine yake. Alete hata kesho. Lakini kabla haijafika kuna watu arobaini na tatu wa kuandikiwa, mmoja mmoja, nami nitawaandikia, na Jumatatu mke wangu atanipeleka kwa daktari, naye najua atanyanyuka kabla sijamaliza kumwomba.

"Vitoe vidole vyako hapo, binti yangu," nasema, na sauti si ile ya kufundishia, sijui imetoka wapi, "havina kosa lolote. Havikuwa na kosa hata siku ile."

Dada wa masjala hasogei, cheti bado amekishika kwa ncha za vidole, kalamu yangu bado iko hewani, saa ya ukutani bado ni sita na dakika nisizoziona.

"Mwanangu," namwambia, "niletee karatasi niwaandikie hospitali."

"Ile nene au ya kawaida, mzee?"

"Yoyote. Na wino nichagulie wewe, mimi sivioni hivi vichupa kipi ni kipi."