Sekunde Kumi na Moja za Stoo ya Crispus

Siku ya kumi na mbili tangu kaka yake awekwe ndani, Shakirah alifunga studio yake ya video za harusi pale Nyamwamba, akashika njia ya kituo cha polisi cha Bwera.

Kaka yake, Musitafa, dereva wa lori, alishitakiwa kumgonga Yunia, muuza nyanya, na kumvunja mguu. Ushahidi ulikuwa video ya kamera ya stoo ya Crispus: lori linarudi nyuma ghafla, Yunia anaanguka. Musitafa aliapa kwamba alikuwa amesimama, Crispus mwenyewe akampungia mkono arudi. Lakini kwenye video Crispus hakuonekana kabisa.

"Video iko wazi," alisema afande Tumusiime. "Unatafuta nini tena?"

"Naomba nakala, afande. Si ya WhatsApp. Ile Crispus alileta kwa flashi."

Alipewa. Akakaa kwenye benchi, akafungua kompyuta, akaipitia picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde. Mara nne hakuona kitu. Mara ya tano aliliacha lori, akamfuata mama mmoja aliyebeba ndizi kichwani. Picha hii yuko mlangoni pa duka la dawa. Inayofuata, yuko katikati ya barabara. Moshi wa jiko la chapati nao uliruka. Saa iliyoandikwa pembeni mwa video tu ndiyo haikuruka. Akaikuza. Kabla ya mruko tarakimu zilikuwa na ukungu kama picha nzima. Baada yake, zilikuwa kali, mpya.

"Afande, njoo uone. Hapa imekatwa, saa ikaandikwa upya."

Tumusiime alitazama mara tatu. "Wamekata nini?"

"Sijui. Video kamili iko ndani ya mashine ya kamera. Baada ya wiki mbili inajifuta. Zimebaki siku mbili."

Walikwenda stoo kwa miguu. Crispus alisema mashine imeharibika.

"Washa!" afande aliamuru.

Ikawaka. Sekunde kumi na moja zilizokatwa zilikuwemo: lori limesimama, Crispus anatokea, anapunga mkono, Yunia ameinamia kapu lake nyuma ya lori. Na Musitafa yuko na simu sikioni, hatazami kioo.

Afande alimgeukia Shakirah.

"Na hii ya simu?"

"Iingie yote kwenye ushahidi," alisema Shakirah.

Musitafa alipoambiwa, alishika nondo za mlango. "Shakirah, ulikuja kunisaidia ama kunimaliza?"

"Ulisema kweli, kaka. Ila uliisema nusu."

Crispus alishitakiwa kwa kuharibu ushahidi. Musitafa aliachiliwa, lakini alinyang'anywa leseni kwa miezi sita, na wote wawili wakabebeshwa gharama za matibabu ya Yunia. Wiki tatu Musitafa hakumsemesha dada yake. Ya nne alimpigia simu, akamwomba amsindikize wodini, kwa sababu hakujua aanze vipi kumwomba Yunia msamaha.