Ukurasa wa Ishirini na Tisa

Mimi sina subira na watu wanaosema vijana siku hizi hawaandiki. Eti hawaandiki! Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi la shangazi yangu, na kila siku wanaingia na madaftari yao niwachapie hadithi wanazotuma huku na kule. Wakishatuma, kimya. Hata "asante, tumepata" hawaambiwi. Mwaka huu nikachoka. Nikasema potelea mbali, jarida tutalianzisha wenyewe, la vijana watupu, na hadithi nitachagua mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwomba Mwenyekiti wa chama cha waandishi atuandikie utangulizi. Tulihitaji ukumbi wa chama kwa ajili ya uzinduzi, basi nikajipendekeza. Akaleta utangulizi na picha yake amevaa tai, akasema vyote viwili visikose. Kosa la pili lilikuwa la kupanga kurasa. Jarida letu ni karatasi nane zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini kwenye mkunjo, kwa hiyo kila karatasi ina nusu yake mwanzoni na nusu nyingine huko mwishoni. Utangulizi na picha niliviweka ukurasa wa tatu. Nusu ya pili ya karatasi hiyohiyo, ukurasa wa ishirini na tisa, ikabeba hadithi ya msusi.

Huyu msusi ni binti wa miaka kumi na tisa, saluni yao inatazamana na duka letu. Hadithi yake inamhusu kijana aliyempa mwandishi mmoja mzee daftari lake amsomee. Mwaka uliofuata hadithi ya kijana ikatoka kitabuni, kwa jina la mzee. Aliniletea mwenyewe dukani. Aliniambia hii nayo ikitupwa, basi, haandiki tena, atabaki na vichwa vya watu. Sikumwuliza mzee ni nani. Macho ninayo.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ndiyo uzinduzi, nakala mia mbili ziko mezani, Mwenyekiti akaja kuiona picha yake. Akafunua, akatabasamu, akaendelea kufunua. Alipomaliza ukurasa wa ishirini na tisa alikuwa amevimba. Akasema hadithi ile itolewe, la sivyo ukumbi tusahau. Nikamtolea uvivu, nikamwambia haitoki. Akaanza kunihutubia habari za adabu na za kuwaheshimu waliotutangulia, nami damu inanichemka. Mwishowe akaushika ukurasa wa msusi na kuunyofoa. Nusu ya mbele, ile ya utangulizi, ikakosa cha kuishikilia, ikachomoka, na picha yake ikadondoka sakafuni, tai na yote.

Nikacheka. Najua haikuwa vizuri, lakini nilicheka mpaka nikashika meza.

Shangazi hakucheka. Mwenyekiti ni mteja wake wa miaka mingi, na akiingia dukani lazima afutiwe kiti. Kwa sauti ya upole akamweleza kwamba njia ipo: ukikata kwa mkasi na kuacha ukingo wa upana wa kidole, pini zinaushika ule ukingo, na nusu inayobaki haianguki. Mwenyekiti akashusha pumzi. Mimi niliumia. Shangazi yangu mwenyewe, ndugu wa baba yangu, anamfundisha namna ya kutukata.

Msusi alikuwa ameshasikia makelele na kuvuka barabara. Alisimama mlangoni, kitana mkononi. Mwenyekiti alipomwona akamwambia amemchafulia jina.

"Sijataja jina la mtu, Mzee," msusi akasema. "Umejitambua mwenyewe."

Shangazi akachukua mkasi, akavuta nakala ya kwanza. Nikanyoosha mkono nimzuie, maana sikuwa tayari kuona jambo lile likifanyika mbele ya yule binti. Ndipo nikaona amefungua ukurasa wa tatu.

Akapima kidole, akakata taratibu mpaka chini. Utangulizi ukabaki mezani peke yake. Jarida akampa msusi, hadithi yake imo, jina lake lipo, halafu akavuta nakala ya pili.

"Uzinduzi ni kesho saa kumi, hapahapa dukani," akamwambia Mwenyekiti bila kuinua macho. "Na hizi picha zako, utazibeba hivihivi au nikufungie?"